Siku Nilitafsiri Filamu kwa Bakwe

Bon, mutacheka, najua mutacheka, na sitawakataza, sababu hata mi mwenyewe siku ingine niko kwa mashini yangu ya kushona pale soko ya Baraka, nakumbuka ile siku ya Swima, muguu inasimama ku pedali, uso inapata moto, na mama mwenye ameleta kitenge ananiuliza, “Fundi, uko mugonjwa?” Siko mugonjwa. Niko na haya. Haya ya muntu mukubwa mwenye ndevu, mwenye alisimama katikati ya nyumba ya bakwe, siku yenye hakupashwa hata kufungua mudomo, akaanza kufanya sauti ya mwanamuke.

Lakini mbele niwaambie mi ni muntu wa namna gani, musinihukumu haraka. Kuko bantu ba mupira, kuko bantu ba pombe, mi ni muntu wa filamu, na niko na mawazo yangu juu ya filamu, muntu asinipinge. Zile katuni za Bajapani, za vijana wenye nywele imesimama kama ufagio, bantu banasema ni kitu ya batoto, mi nasema hapana, ile njo filamu ya bantu bakubwa, sababu kijana hawezi kukupiga ngumi mbele hajakuelezea mateso yote yenye mama yake aliona, na wewe adui unasimama pale unamusikiliza mpaka anamaliza, haumukatize, iko heshima. Za Bahindi nazipenda juu ya bamama, vile mama anamutambua mutoto yake kwa kovu tu, hata miaka mingi imepita. Za Bakorea, mvua inanyesha na hakuna mwenye kukimbia, bawili banasimama tu banaangaliana (mi ningebaambia muingie ndani, mutashikwa na homa, lakini naona mi mwenyewe niko nalia). Za vita na bunduki sizitaki. Bunduki tunazijua huku, siwezi kulipa mulango ili nizisikie tena.

Lakini yenye ilinimaliza kabisa ni ile tuliita Kofia Mweupe. Jina yake ya kweli hakuna mwenye aliijua. Tuliiangalia kwa sine ya DJ Kasuku, nyuma ya soko, nyumba ya mbao na mashiti ya plastiki, mabenchi ya kubana, jenereta inalia inje. Filamu yenyewe iko ya Kifaransa, na bale bantu banasema Kifaransa ya mbio, basi DJ Kasuku anakata sauti yabo, anashika mikro, anatuelezea kwa Swahili kile banasema. Anafanya sauti ya mwanaume, anafanya ya mwanamuke, mulango ikifunguka anafanya hata ya mulango. Na majina ni yeye anabapa: binti muzuri wa ile nyumba ya ngazi murefu ni Mapendo, baba yake ni Muzee Tajiri, na ule kijana wa kofia mweupe ni Kofia Mweupe, maskini mwenye moyo safi, anamupenda Mapendo tangu masomo, na Muzee Tajiri anamuzarau juu hana kitu. Hata na zarau yote ile, Kofia Mweupe anamuletea Muzee chai na mikono yake! Mi nililia. Nilimuona ule kijana nikasema, huyu ni mi.

Sababu na mi nilikuwa na Mapendo yangu. Anaitwa Sifa, anafanya kazi ya kupima bamama ba mimba kule Swima, na baba yake ni direkta wa masomo ya primere, mukubwa wa balimu. Sifa tulishapatana. Shida ilikuwa Direkta. Alituma neno moja tu: “Ufundi si mubaya. Lakini bafundi ba nguo banazoea uongo. Unamupa kitambaa, anasema kuja Ijumaa, Ijumaa anasema kuja Jumatatu. Binti yangu sitamupa muongo.” Ni hiyo tu alitaka kujua juu yangu, mi ni muongo ao siko muongo. Akikataa yeye, imekwisha, Sifa hawezi kutoka nyumbani na laana ya baba.

Basi siku ya kujijulisha ikafika. Munajua desturi yetu, kijana mwenye kutafuta muke haseme, iko na musemaji, anainamisha kichwa anakaa kama ametoka hospitali. Musemaji yangu alikuwa Baba Mudogo Alimasi, ndugu ya baba yangu, na njiani yote kutoka Baraka, mi niko nyuma yake ku pikipiki, alikuwa anapiga kelele ku upepo: “Wewe leo hauna mudomo! Bakikupa chakula, kula. Bakikuuliza, ni mi nitajibu. Hata nyoka ikikuuma, unaniambia mi, na mi njo nitabaambia!” Nikasema ndiyo, Baba. Nilisema na roho yote.

Tukafika Swima muchana, tukapanguza viatu na majani, tukapiga hodi. Mama Sifa akatukaribisha vizuri, akatukalisha saloni, chumba ya bageni, akasema Direkta bado iko kwa matanga ya jirani, hatakawia. Na mule saloni mulikuwa Bibi, mama yake Direkta, amekaa karibu kabisa na televizyo, pua inataka kugusa kioo. (Direkta alileta parabole, ile sahani ya kushika televizyo, na pano ya jua, ili aangalie habari, lakini munajua benyewe nani anaangalia televizyo nyumbani kama bantu bote bameenda kazi.) Na kwa televizyo, nani? Kofia Mweupe! Yeye mwenyewe, na kofia yake, amesimama nyuma ya maua, analia!

Mi nikainamisha kichwa, nikaangalia viatu vyangu. Nikasema ndani, hauna mudomo, hauna mudomo.

Bibi akatikisa kichwa. “Masikini, huyu pastere wa kanisa. Siku zote analilia mama yake mwenye alikufa, na haishe.”

Pastere! Nikasikia kama muntu amenikanyaga kidole. Na hapa njo ile kitu kidogo yenye iliniharibia yote, sababu ningenyamaza tu dakika mbili Direkta angefika, tungekula samaki, tungeenda zetu, lakini nikasema chini chini, kama muntu anasafisha koo: “Bibi, huyu haiko pastere.”

Baba Mudogo akakohoa. Bibi akageuka muzima muzima. “Eh? Ni nani basi?”

“Ni kijana maskini, Bibi. Analia juu banamukatalia binti.”

“Yoo! Kumbe mukwe anasikia Kifaransa!” Bibi akapiga mikono. Mama Sifa mwenye alikuwa anapita na sahani akasimama. “Unasikia Kifaransa, mutoto yangu?” Na ku rido, ile pazia ya mulango ya jikoni, nikaona jicho moja ya Sifa, anatikisa kichwa kushoto na kuume, kushoto na kuume. Mi nikafikiri ni furaha. (Mutaniambia ni muntu gani anatikisa kichwa vile kwa furaha. Hata mi sijui. Siku ile nilikuwa naona vitu vile nilivitaka.)

Nikasema: “Kidogo, Mama.”

Kidogo! Kifaransa yangu mi ni bonzuru, merisi, na rangi ya uzi. Lakini sikuwa naona ni uongo, munielewe, sababu ile filamu niliijua yote, neno kwa neno, nilishaiona kwa Kasuku mpaka nilimaliza! Nikajiambia, kusikia Kifaransa na kujua kile banasema, si ni kitu moja?

Bibi akasema, “Aya, sasa anamuambia nini?” Nikamuambia. “Na huyu mama wa midomo nyekundu?” Nikamuambia. Baba Mudogo akanifinya paja, nikasogeza paja. Bibi akalia, Mama Sifa akaweka sahani chini akakaa, jikoni vyungu vikanyamaza, bashangazi ba Sifa bakatoka mumoja mumoja na miko mukononi, na kadiri banakuja nami napanda, sauti ya Kofia Mweupe, sauti ya Mapendo (ya juu, ya kulegea), sijui ni saa gani nilisimama, sijui ni saa gani nilishika telekomande kama mikro. Nafikiri hata mulango niliufanya.

Bibi akapanguza macho. Akaniuliza, “Na wewe, mutoto, utamupenda Sifa yetu vile huyu anapenda?”

Nikaweka mukono ku kifua. “Bibi, mi na huyu muntu tuko mumoja. Kile iko ku roho yake, njo iko ku roho yangu.”

“Kweli?” Sauti hiyo ilitoka nyuma yangu.

Direkta alikuwa amesimama ku mulango, koti ya matanga, kofia mukononi. Sikujua amesimama tangu saa gani. Nikasema, “Kweli, Papa,” na furaha yote, sababu nilifikiri amesikia ile nzuri.

Akasema pole pole, kama muntu anaandika ku ubao: “Ule bwana amesema sasa hivi, atamuua baba ya ule binti, kisha atamuoa binti na atauzisha nyumba.”

Mukae mu nafasi yangu kidogo. Muntu yeyote wa akili angeanguka chini akaomba musamaha. Lakini mi nilishangaa tu, nilishangaa ya kweli, sababu namujua Kofia Mweupe! Nikaona huyu muzee ametoka ku matanga, amechoka, amesikia mubaya. Na kwa heshima yote, mbele ya mama yake, mbele ya muke yake, mbele ya bashangazi, nikamuambia direkta wa masomo: “Hapana Papa, samahani, Kifaransa ya mule ndani ni nguvu kidogo.”

Baba Mudogo Alimasi akafunika uso na mikono mbili.

Direkta hakukasirika. Ingekuwa vizuri angekasirika. Akakuja, akatoa telekomande mukononi mwangu, akaongeza sauti, akakaa. “Tuangalie wote.”

Kwa televizyo, Kofia Mweupe iko jikoni, anatia unga mweupe mu kikombe ya chai, anaangalia kushoto, anaangalia kuume. Direkta akaniuliza, “Hiyo ni nini?”

“Ni sukari, Papa.”

“Mbona anaitoa mu soksi?”

Ile swali sikuwa nimejiuliza hata siku moja. Kasuku alisema sukari, tulisema sukari, sine muzima. Muzee Tajiri akakunywa chai. Akashika shingo. Akaanguka ku kapeti.

“Na sasa?”

“Amelala, Papa. Amechoka na kazi.”

“Lakini macho iko wazi,” Bibi akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kuwa na mashaka.

Kisha bakaonyesha mazishi. Sanduku, maua, bantu ba nguo nyeusi, Mapendo analia mpaka anashikiliwa. Saloni yote ikaniangalia. Mi jasho ilikuwa inatoka mpaka nyuma ya masikio, na kichwani maneno ya Kasuku yalikuwa yanazunguka, nikayashika kama muntu anashika mutumbwi yenye inazama. Nikasema, “Huyu ni pacha yake.”

“Pacha ya nani?”

“Ya Muzee Tajiri. Alikuwa na pacha. Njo huyu amekufa.” Nikaongeza, sababu nilitaka kusaidia: “Alikuwa Kinshasa.”

Hakuna mwenye alicheka. Mi ningetaka bacheke. Shangazi moja alitoka inje mbio na mupawa ku mudomo, lakini sijui kama alicheka ao alilia.

Direkta akazima televizyo. Akasema, “Kijana, si musemaji yako, ni wewe nauliza. Unasikia Kifaransa?”

Nikaangalia Baba Mudogo, Baba Mudogo akaangalia paa. Nikaangalia rido, hakukuwa tena jicho. Nikasema, “Hapana, Papa. Hata kidogo.”

“Basi mama yangu umemuambia nini, tangu saa ile?”

Mi mwenyewe nilikuwa nataka kujua. Direkta akatushukuru kufika, vizuri sana, kwa adabu yenye inachoma, akasema njia ya kurudi Baraka iko na vumbi muchana, afazali tuende mbele jua haijakuwa kali zaidi. Samaki tulisikia harufu yake tu. Tukitoka, Bibi akauliza nyuma yetu, “Lakini ni pastere ao haiko pastere?”

Njiani Baba Mudogo akaongeza mwendo. Mi nyuma ya pikipiki nilikuwa nimepotea kabisa. Si Kofia Mweupe tu. Zote! Maisha yangu yote niliangalia filamu kwa Kasuku. Ule mama Muhindi mwenye alimutambua mutoto kwa kovu, sasa, alikuwa mama yake ao alikuwa mupolisi? Na kijana wa nywele ya ufagio, saa yenye anamuelezea adui mateso ya mama yake, kama alikuwa anamuuliza njia? Nililia juu ya nini miaka yote? Tukapita bantu banaanika samaki ndogo ya ndagala kando ya ziwa, bakatupungia, nikashindwa hata kuinua mukono.

Kesho yake asubui nikaenda sine. Kasuku alikuwa anafagia chini ya mabenchi. Nikamuuliza bila salamu: “Wewe, unasikia Kifaransa?”

“Mi? Nani alikuambia nasikia Kifaransa?” Alishangaa kabisa, kama nimemuuliza kama anaruka. “Mi naangalia sura. Akilia naweka uchungu. Akicheka naweka mapenzi.”

“Na ile yenye alitia mu chai?”

“Haiko sukari?”

“Ni sumu, Kasuku.”

Akaweka ufagio chini. “Basi ku sanduku ilikuwa nani?” Nikamuambia. Akakaa ku benchi, akashika kichwa, akasema, “Masikini Muzee,” na nikaona amehuzunika ya kweli, nikakosa hata kumugombeza.

Siku ya soko Sifa akakuja ku mashini yangu. Alikuwa na nguo ya kazi, hakukaa ku kiti. Nilianza kuomba musamaha, akanikatiza.

“Papa amekasirika juu ulisema unasikia Kifaransa na hausikie. Hiyo ni ya Papa. Mi niko na yangu. Ulimuambia Bibi wewe na ule muntu muko mumoja, na haukumujua ule muntu ni nani. Sasa yale maneno unaniambiaka mi, ya kama bila mi jua haiangaze kwako, ya kama utapita ndani ya moto juu yangu, ni yako ao ni ya Kasuku?”

Nikatafuta, wallahi nikatafuta neno moja, moja tu, yenye ilikuwa yangu. Jua, moto, moyo yenye inapasuka kama chungu, yote niliitoa pale ku benchi ya Kasuku. Mi nilifikiri muntu akisikia neno nzuri akaishika, imekuwa yake.

“Ni ya Kasuku,” nikasema.

“Yote?”

“Yote.”

“Na yako ni gani?”

“Sijui.” Nikazungusha gurudumu ya mashini bure. “Niliogopa tu. Nilimuona Bibi amefurahi, mama yako amekaa kunisikiliza, nikasema leo bananiona muntu. Niliogopa baba yako atasema mi si kitu. Na niliogopa zaidi wewe utamusadiki.”

Mama wa mashini ya kando akaacha kushona ili asikie vizuri. Macho ya Sifa yalikuwa na maji, sijui ya hasira ao ya nini. Akasema, “Hiyo nimeisikia.” Akavuta kitambaa ya kichwa, akaenda zake. Mi nikabaki sijui kama nimekubaliwa ao nimeachwa, na sikulala vizuri mpaka Direkta akamupigia Baba Mudogo simu, sababu Sifa alimuelezea vile nilikubali kosa, tukaitwa tena Swima.

Mara ile ya pili niliinamisha kichwa mpaka shingo ikauma. Televizyo ilikuwa imefunikwa na kitambaa ya maua. Baba Mudogo akasema yote yenye musemaji anapashwa kusema, vizuri, bila haraka, na Direkta akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mi.

“Ule bwana wa kofia, siku ile nyuma ya maua, alikuwa anasema nini?”

Bibi akasogea karibu ili asipoteze neno.

“Sijui, Papa,” nikasema.

Direkta akaniangalia. Kisha akageuka kwa rido, akasema, “Mulete samaki, hawa bantu bametoka mbali.”

Leo Sifa iko muke yangu, na sine bado naenda, siwezi kudanganya, ni ugonjwa yangu ile. Lakini muntu akikaa kando yangu mbele ya televizyo akaniuliza banasema nini, namujibu sijui, hata kama banasema Swahili.